Maji ya Pangani hayatoki kwenye barafu ya Kibo

Nitaanza na lile mnalojua nitaanza nalo. Kauli kwamba barafu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ikiisha Mto Pangani utakauka si kweli, na nitaipinga mpaka mnichoke. Wengine mmeshanichoka, nawaona.

Tupige hesabu. Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilikuwa na eneo la kilomita za mraba 12 hivi. Kufikia 2011 zilibaki pungufu ya 2, tuseme 1.8. Haya, tuiyeyushe kwa ukarimu: kina cha mita nzima kila mwaka, bila tone kupotea. Mnapata mita za ujazo milioni 1.8. Gawanyeni kwa sekunde za mwaka, milioni 31 na nusu. Ni lita 57 kwa sekunde! Huo ni mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia, si mto. Na hapo nimeipendelea barafu, maana mita ya barafu haitoi mita kamili ya maji.

Sasa shukeni msituni. Mteremko wa kusini, kwenye mita kama 2,200 juu ya usawa wa bahari, mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka. Milimita moja juu ya kilomita moja ya mraba ni mita za ujazo 1,000. Kwa hiyo kilomita moja tu ya msitu ule inapokea milioni 2. Moja! Imeshaizidi barafu yote. Mtaniambia miti nayo inakunywa. Inakunywa, tena sana. Ondoeni nusu, wekeni kilomita mbili. Msitu wenyewe una karibu 1,000.

"Mbona maji ya Mto Weruweru ni baridi hivyo, kama si barafu?" Swali hili halikosekani. Kila ukipanda mita 1,000 hewa inapoa kwa nyuzi 6 hivi. Maji yaliyolala kwenye udongo wa mita 2,500 yatakuwa baridi hata mlima usingekuwa na chembe ya theluji.

Halafu barafu ile haiyeyuki yote. Kileleni hewa ni kavu, na wastani wa joto ni kama nyuzi 7 chini ya sifuri. Nyingi inageuka mvuke moja kwa moja na kuondoka na upepo. Hakuna kijito kitakachoiona. Kinachoimaliza hasa ni uhaba wa theluji mpya. Theluji mpya ni nyeupe, hulirudisha jua lilikotoka. Isipoanguka, barafu kuukuu yenye vumbi inabaki wazi, inalinywa jua mchana kutwa.

Na Himalaya na Karakoram je? Huko ni habari nyingine. Bonde la Hunza kule Karakoram, Pakistan, kwenye maji ya Mto Indus, chini ni pakavu, theluji hurundikana majira ya baridi na kuyeyuka kiangazi, wakati hasa shamba linapoitaka. Huko barafu ni ghala kweli. Sisi tuko nyuzi 3 kusini mwa ikweta. Majira ya baridi ya kuweka akiba tutayatoa wapi? Ukichukua hesabu ya Hunza ukaibandika Machame, umeazima kiatu bila kupima mguu.

Kinachonikera ni kwamba tukiililia barafu tunausahau moto. Juu ya msitu mkubwa kuna ukanda wa erika, miti iliyojaa ndevu za kuvumwani, zile nyuzi zinazoning'inia matawini. Ukungu unapita, ndevu zinaukamata, maji yanadondoka chini. Kipimamvua cha kawaida hakiyaoni, kwa sababu kinangoja kitu kinachoanguka. Mrina asali akiacha kijinga cha moto kinafuka wakati wa kiangazi, erika inashika haraka. Baada ya moto vinaota vichaka vifupi, ukungu unapita juu yake bila kukamatwa. Kwa miongo kadhaa moto umeushusha mpaka wa juu wa msitu kwa mamia ya mita. Mliuona wa Oktoba 2020.

Naambiwa dakika tano. Haya, mifongo. Msikimbilie saruji kila mahali. Maji yanayovuja kwenye mfongo wa juu mara nyingi ndiyo chemchemi ya jirani wa chini. Anzeni na banio, pale maji yanapochepushwa kutoka mtoni: liwe na lango linalofungika, usiku maji yasimwagike bure kwenye vihamba, mashamba ya nyumbani, vilivyoshiba.

Nyumba ya Mungu: mito ya Kikuletwa na Ruvu inaingia pale, kwenye bwawa pana lisilo na kina, jua linachukua fungu lake kabla ya vituo vya umeme vya Hale na Pangani Falls kupata la kuzungusha mitambo. Mkigawana maji huko juu, mhesabuni na jua kama mtumiaji.

La chumvi ya bahari kupanda mto pale Pangani mjini nilikuwa na michoro yake, lakini mwenyekiti ameshasimama. Maswali. Na asiniulize mtu kuhusu baridi ya Weruweru.