Guelatao: kijiji kilichomzaa Juárez kikakataa sheria zake

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika na mvua hii.

Mexico ikitajwa, wengi wetu tunawaza jiji kuu, mpira, na ule ukuta wa mpakani. Leo nawapandisha milimani, jimbo la Oaxaca, kusini mwa nchi. Jimbo hilo peke yake lina manispaa 570, na baadhi zina watu wachache kuliko shule moja ya msingi ya mjini kwetu. Guelatao de Juárez ni mojawapo. Ni kijiji cha Wazapoteki, mojawapo ya jamii za wenyeji wa asili wa Mexico, chenye wakazi mia kadhaa tu, katika safu ya Sierra Norte, kilomita kama 60 kutoka mji wa Oaxaca kwa barabara ya kona kali zinazopita kwenye misonobari. Hata hivyo ni manispaa kamili, yenye meya, bajeti na muhuri wake.

Jina lake linajulikana kwa sababu ya mtoto mmoja. Benito Juárez alizaliwa hapo tarehe 21 Machi 1806, wazazi wakafariki akiwa na miaka mitatu hivi, akalelewa na ndugu huku akichunga kondoo wa ami yake. Mwenyewe aliandika baadaye kwamba kijiji kilikuwa na familia zisizozidi 20 hivi, na shule hakuna. Desemba 1818, akiwa na miaka 12, akatoroka kwa miguu hadi mjini, ambako dada yake alikuwa mpishi katika nyumba ya watu. Masimulizi yanasema alikimbia kwa kuogopa kipigo baada ya kupoteza kondoo. Mimi naamini zaidi maneno yake mwenyewe: alitaka kusoma. Akawa mwanasheria, gavana, kisha kuanzia 1858 rais, Mzapoteki ambaye Kihispania hakikuwa lugha yake ya kwanza. Majeshi ya Ufaransa yalipomsimika Maximilian, mwanamfalme wa Austria, kuwa mfalme, Juárez hakusalimu amri, na mwaka 1867 mfalme huyo akauawa kwa kupigwa risasi katika mji wa Querétaro.

Hapa ndipo penye kitendawili kilichonileta mbele yenu. Juárez na wenzake wa mrengo wa kiliberali walimwamini raia mmoja mmoja mwenye hati yake ya shamba. Sheria ya Lerdo ya 1856, na baada yake Katiba ya 1857, zililenga kuvunja umiliki wa ardhi wa taasisi. Kanisa ndilo lililokuwa shabaha kubwa, ila ardhi za pamoja za vijiji vya wenyeji zikaingia katika wavu huohuo. Leo sanamu ya Juárez imesimama Guelatao katikati ya ardhi ya jumuiya, isiyouzwa kwa mgeni. Wanakijiji wanampenda mtoto wao, wanamwimbia, lakini katika hili hawakumfuata.

Na wanajitawala vipi? Katiba ya Mexico, kifungu cha 115, inaipa kila manispaa baraza lake. Jimbo la Oaxaca, tangu 1995, limetambua kisheria kwamba manispaa inaweza kuchagua baraza hilo kwa mila zake, bila vyama, na zaidi ya 400 zinafanya hivyo, Guelatao ikiwemo. Hakuna mabango wala fulana za bure. Watu hukutana katika mkutano mkuu, majina yanatajwa, kura zinapigwa hadharani. Anayejinadi mwenyewe anatiliwa shaka.

Uongozi wenyewe ni ngazi. Kijana huanza kuwa topil, yaani tarishi na mgambo wa kijiji, halafu hupanda taratibu, miaka ya utumishi na miaka ya kupumzika, hadi labda siku moja akabidhiwe fimbo ya umeya. Kimila kazi hizi ni utumishi, si ajira. Juu yake kuna tequio, ambayo Watanzania mtaiita msaragambo: siku za kutengeneza njia, mifereji, shule. Asiyeshiriki anapungukiwa sauti mkutanoni. Hata aliyehamia Jiji la Mexico au Los Angeles anaweza kuitwa arudi kushika zamu.

Nisiwauzie pepo. Mfumo huu katika vijiji vingi vya Oaxaca uliwaweka wanawake nje. Mwaka 2007 huko Quiegolani, kijiji kingine cha Wazapoteki, kura alizopigiwa Eufrosina Cruz zilifutwa kwa sababu ni mwanamke. Alipigana, na baadaye akawa spika wa bunge la jimbo. Mahakama za uchaguzi zimeingilia kati mara nyingi tangu hapo, na mabishano kuhusu mila inaishia wapi hayajakwisha.

Lakini mkutano mkuu una meno pia. Mwaka 1956 serikali ilikipa kiwanda cha karatasi cha Tuxtepec haki ya kuvuna misitu ya Sierra kwa miaka 25. Muda ulipokaribia kuisha, na serikali ikitaka kuongeza, vijiji viliungana mwaka 1980 na kukataa. Miongoni mwa viongozi alikuwa Jaime Martínez Luna wa Guelatao, mwanaanthropolojia na mwanamuziki, ambaye amefanya maisha haya ya pamoja kuwa nadharia inayosomwa vyuoni. Misitu ikarudi mikononi mwa jumuiya.

Vya kutazama? Kuna ziwa dogo liitwalo la uchawi, lenye sanamu ya Juárez mchungaji kando yake, na kanisa la San Pablo. Redio ya XEGLO, hewani tangu 1990, hutangaza kwa lugha za wenyeji: Kizapoteki, Kimihe na Kichinanteki. Tarehe 21 Machi wakubwa wa serikali huja na hotuba zao, lakini vijana wanasubiri mpira wa kikapu: Kombe la Benito Juárez, ambalo timu za vijiji vya Sierra hulipigania usiku na mchana. Ukienda siku hizo, malazi utapata labda Ixtlán, mji wa jirani.

Haya, karibuni kwa maswali. Mzee pale nyuma amenyoosha mkono tangu niliposema ni utumishi, si ajira.