Meseji Chini ya Dawati: Kuchati Wakati Mhadhara Ukiendelea

Wahadhiri wenzangu, habari za asubuhi.

Kwenye ukumbi wa wanafunzi 300, kuchati kumeshaanza kabla hujawasha projekta. Grupu lao wanalo, wewe humo, na swali ambalo mwanafunzi anaona haya kukuuliza analitupia huko: "Hiyo x kaitoa wapi?" Anajibiwa na mwenzake ambaye naye anabahatisha. Kwa hiyo sipendekezi tulete simu darasani, maana zimo tayari. Napendekeza grupu la pili, la somo, lenye mtu maalumu wa kulisoma.

Huyo msomaji ndiye uti wa mgongo. Mhadhiri hawezi kufundisha huku anasoma meseji. Akijaribu, sentensi zinakatika, macho yanahamia kwenye kompyuta, na baada ya dakika kumi darasa limeshajua kwamba kichekesho kimoja kinatosha kumsimamisha mwalimu. Msomaji awe mhadhiri msaidizi. Asipokuwepo, wanafunzi wawili wapokezane kila wiki, asije mmoja akakosa masomo muhula mzima. Mara nyingi tunamtwika CR, yaani mwakilishi wa darasa, ambaye tayari ana mzigo wa kutosha. Akae safu ya mbele, pembeni, mahali mnapoonana. Maswali yanayofanana anayaunganisha kuwa moja. Ya "slaidi zitatumwa lini?" anayajibu mwenyewe. Kukukatiza anaruhusiwa kwa sababu moja tu: wanafunzi kama watano wameandika kwamba hawasikii au hawaoni.

Mengine yote yasubiri kituo. Mhadhara wa dakika 50 unabeba vituo viwili, kimoja karibu na dakika ya 18, kingine karibu na ya 38, kila kimoja dakika tatu au nne. Zinaondoka dakika saba hivi, kwa hiyo punguza slaidi tatu au nne wakati wa kuandaa. Asiyezipunguza huishia kuzikimbiza mwishoni, kisha analaumu grupu. Kituoni, msomaji anasoma swali kwa sauti bila kutaja jina, nawe unaujibu ukumbi mzima. Maswali mawili yanatosha.

Kuna utafiti wa Mary Budd Rowe, wa Marekani, miaka ya 1970. Alionyesha kwamba mwalimu akishauliza swali husubiri kama sekunde moja tu, na kwamba akivumilia sekunde tatu au zaidi, majibu ya wanafunzi yanakuwa marefu na yenye hoja. Hiyo ni kwa anayejibu kwa mdomo. Anayeandika kwa kidole gumba, sekunde tatu zinaisha bado anafungua simu. Ukisema "kuna swali?" toa dakika nzima. Futa ubao, kunywa maji, ilimradi usiendelee kusema.

Kila swali lianze na namba ya slaidi: "S14: kwa nini tumegawa kwa n-1?" Sheria hii ndogo inaokoa mengi, kwa sababu swali huchelewa kufika. Mwanafunzi anasita, anaandika, anafuta, na anapotuma wewe uko S17. Kama wapo wanaofuatilia mtandaoni, matangazo nayo huwafikia yakiwa yamechelewa, pengine kwa sekunde nyingi. Bila namba, msomaji anabaki akikisia "hiyo" ni ipi. Namba hizo ziandikwe kubwa kwenye kona ya slaidi, zionekane hadi safu ya nyuma.

Mwenye swali lilelile asiandike "hata mimi". Meseji 40 za "hata mimi" zinalisukuma swali lenyewe juu hadi lisionekane. Aliwekee dole gumba, basi; msomaji atahesabu. Kwa hesabu na kemia, mwanafunzi apige picha mstari mmoja wa daftari, si ukurasa mzima.

Sasa lugha, na hapa nitakaa kidogo. Chuo kikuu Tanzania kinafundisha kwa Kiingereza. Mwanafunzi anayeelewa somo lakini anaogopa kuchekwa kwa Kiingereza chake hanyooshi mkono. Kwenye grupu ataandika kwa Kiswahili, au atachanganya, na swali linatoka limenyooka. Mruhusuni waziwazi siku ya kwanza. Msomaji alisome kama lilivyoandikwa, asilitafsiri, kwa kuwa kwenye kutafsiri ndiko kiini cha swali hupotea. Ukijibu, taja istilahi ya Kiingereza itakayokuja kwenye mtihani, kisha ieleze kwa lugha aliyoulizia. Mkilikataza hili, swali litarudi kwenye lile grupu lao.

Upande wa mitambo. Grupu la WhatsApp linabeba watu 1,024, na mpangilio wake unaruhusu viongozi peke yao kuandika. Lifungulieni dakika tano kabla ya kipindi, lifungeni dakika kumi baada yake. Likiachwa wazi usiku, kufikia wiki ya tatu limejaa matangazo ya vyumba na jezi. Telegram ina kizuizi kinachomlazimu mtu asubiri, tuseme sekunde 30, kabla ya kutuma meseji nyingine, na inamwezesha kuficha namba yake ya simu. Hilo la namba si dogo. Binti anauliza swali la takwimu mchana, usiku anatumiwa meseji na mtu asiyemjua. Kwa hiyo wanafunzi wajiunge wenyewe kwa kiungo, asiongezwe mtu bila ridhaa yake, na muhula ukiisha grupu lifutwe. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na namba ya simu ni taarifa binafsi.

Bando: meseji ya maandishi haili kitu, picha na video ndizo zinazokula. Waambieni wazime upakuaji wa picha wa kujiendesha. Wi-Fi ya ukumbi msiitegemee bila kuijaribu watu wakiwa wamejaa. Kifaa kimoja kilichofungwa ukutani huelemewa simu 300 zikijiunga kwa pamoja, hata kama intaneti yenyewe ni nzuri. Simu moja kwa watu watatu kwenye benchi inatosha. Asiye na simu aandike kwenye kikaratasi, kipitishwe hadi kwa msomaji, kisomwe pamoja na mengine.

Makosa mawili nayaona makubwa kuliko yote. La kwanza ni kurusha grupu ukutani nyuma ya mhadhiri: ukumbi mzima unasoma, hakuna anayesikiliza. La pili ni kulifanya rejista ya mahudhurio. Atakayeandika "nipo" wa kwanza yuko kitandani hosteli.

Jibu potofu la mwanafunzi kwa mwenzake nalo linaenea haraka. Msomaji asilifute. Aweke alama ya kuuliza chini yake, likasahihishwe kituoni.

Kipindi kikiisha, msomaji akutumie maswali yaliyobaki siku hiyohiyo. Lenye madole mengi lianze mhadhara unaofuata, kabla ya slaidi ya kwanza; yaliyosalia jibu kwa maandishi, mistari mitatu mitatu. Sauti iliyorekodiwa haitafutiki wiki ya mitihani.

Kiungo cha grupu letu la leo kipo ukutani, na vikaratasi viko mwisho wa kila safu. Nasubiri dakika nzima.