Kasuku waliotoroka: mbona Brussels wamejaa na Bukavu hawapo?

NEEMA: Ndugu zetu wa Brussels hututumia video za kasuku wa kijani wakipiga kelele juu ya miti. Bahati, walifikaje kule?

BAHATI: Yaya Neema, mwaka 1974 bustani ya burudani ya Meli Park, pale Heysel, iliachilia kama 40. Leo ni maelfu.

NEEMA: Na baridi ile yote?

BAHATI: Baridi haiwasumbui sana. Asili yao ni Pakistan na kaskazini mwa India, hadi chini ya Himalaya. Kinachowabana ni tundu la kutagia. Huchukua tundu la kigogota, wakalipanua kwa mdomo, na wanaanza mapema, Februari. Ndege wadogo wanaotaga Aprili wanakuta pamekaliwa. Hapo ndipo wenyeji wanapoumia.

NEEMA: Wale wa Argentina, wenye kifua cha kijivu, hawahitaji tundu.

BAHATI: Hawahitaji kabisa! Wanasuka vijiti, jozi kadhaa kiota kimoja, kila jozi na mlango wake. Wanalala humo mwaka mzima, ndiyo maana hata theluji ya Chicago wameivumilia. Ubaya ni kwamba wanapenda nguzo za umeme. Vijiti vikilowa mvua, umeme unapita humo, transfoma inaungua. Ukibomoa kiota na kuwaacha ndege, wanajenga tena palepale.

NEEMA: Na kasuku wetu wa kijivu? Hapa wanatoroka kwenye parsela, lakini kundi la mjini hatulioni.

BAHATI: Huyu huzaa polepole. Mayai 2 hadi 4, kuatamia karibu siku 30, na kinda hukaa kiotani wiki 10 au zaidi. Tena anataka tundu pana kwenye mti mrefu wa msitu. Mikaratusi yetu haimpi hilo. Halafu wengi wamekatwa manyoya ya bawa. Unyoya uliokatwa haurefuki. Kisiki chake lazima kidondoke kwanza, ndipo mpya uote, na bawa zima laweza kuchukua mwaka na zaidi.

NEEMA: Kwa hiyo anayefungua kizimba akidhani anamwachia huru, anamuua.

BAHATI: Mara nyingi, ndiyo. Tangu CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, imweke kwenye Kiambatisho cha kwanza, yaani orodha ya walio hatarini zaidi, 2016, biashara ya kimataifa ya kasuku huyu wa porini imefungwa. Aliye naye na hamtaki asimtupe nje. Kituo cha wanyama waliookolewa cha Lwiro, pamoja na sokwe, hutunza kasuku pia.

NEEMA: Na akitoroka leo?

BAHATI: Msipande mti, atahamia wa mbali zaidi. Aliyekulia kizimbani anajua kupaa, kushuka kwa mteremko mkali hajui, kwa hiyo anakwama juu. Wekeni kizimba chake wazi juu ya paa, mahali anapokiona, na chikichi ndani. Mwiteni kwa sauti aliyoizoea, saa moja kabla ya giza. Akikataa, rudini alfajiri. Njaa ya asubuhi inasaidia kuliko wavu.