Toeni Hiyo Sarafu

Ndugu zangu, naanza na sarafu. Walionisikia siku za nyuma wanivumilie, maana bado naikuta kila nyumba yenye mashine ya santuri: shilingi imebandikwa kwa selotepu juu ya kichwa cha mkono wa mashine, pale penye sindano. Ya nini? "Santuri ilikuwa inaruka, sasa hairuki." Itarukaje na umeikandamiza? Vichwa vingi vya kawaida vinataka sindano ielemee santuri kwa gramu 1.5 hadi 2. Sarafu peke yake inazidi hapo. Kila unapopiga wimbo unauchimba, na santuri yenyewe pengine hutaipata tena duniani.

Najua kuna mtu ataniambia babu yake alikuwa na gramafoni ya kutia ufunguo, kichwa kizito ajabu, na santuri zikaimba miaka na miaka. Sawa. Kichwa kile kilielemea kwa zaidi ya gramu 100, lakini santuri zenyewe zilikuwa za shelaki, utomvu mgumu wa wadudu. Hata za Siti binti Saad zilizorekodiwa Bombay mwaka 1928 zilikuwa za aina hiyo. Sindano ilikuwa ya chuma, ikilika yenyewe, na mwenye adabu aliibadilisha kila upande. Yako ni ya almasi na santuri yako ni plastiki. Mwacheni babu apumzike.

Basi fanya hivi. Kile kidhibiti kinachozuia mkono usivutwe kuelekea katikati ya santuri, kirudishe kwenye sifuri. Vua kifuniko cha sindano, uilinde isiguse kitu. Zungusha kizito cha nyuma ya mkono mpaka mkono uelee, usipande wala usishuke. Sasa kishike kizito kisisogee, uzungushe ile pete ya namba peke yake isome sifuri. Hapa ndipo wengi wanapokoroga, wanazungusha vyote viwili. Kisha, vyote pamoja, fika kwenye gramu alizoandika mtengenezaji wa kichwa, na kile kidhibiti kipe namba hiyo hiyo. Huiamini pete? Tafuta mizani ndogo kama ya sonara, uiweke karibu na sahani inayozungusha santuri, kimo kile kile cha santuri, uiteremshie sindano taratibu. Ikisoma 2, ni 2.

Wala msikimbilie kupunguza mno mkidhani ndiyo huruma. Sindano nyepesi kupita kiasi inarukaruka ndani ya mfereji na kuzigonga kuta zake. Na ikiwa bado inaruka baada ya yote haya, safisha uchafu uliojiviringisha kwenye ncha, angalia kama meza imelala sawa, kama mkono unakwama mahali. Sarafu haimo katika orodha hiyo.

La pili, mashine zinazoletwa kutoka Marekani. Mtu ananunua transfoma ya kushusha volti, anawasha, mwimbaji wa kike anatoa sauti ya mjomba. Transfoma inashusha volti tu. Umeme wa kule unapiga mara 60 kwa sekunde, wetu 50, na mota nyingi za zamani hufuata mapigo hayo. Mizunguko 33 na theluthi kwa dakika inashuka chini ya 28. Dawa ni puli ya mota iliyotengenezwa kwa umeme wa 50, ambayo ni nene zaidi. Mashine zenye mota ya DC, isiyofuata mapigo ya umeme, hazina shida hiyo.

Naonyeshwa saa. Haya, mkanda wa mpira ukilegea nunua mwingine wa kipimo kile kile, usiuchemshe. Mashine ikivuma, tazama kwanza waya mwembamba wa ethi. Namna ya kukilenga kichwa tutaiacha, ni somo zima.

Nani kauliza kusafisha santuri kwa spiriti? Kwa santuri za shelaki, usithubutu! Spiriti inaiyeyusha. Maji yenye sabuni kidogo, lebo isilowe, ukaushe kwa kitambaa laini. Aliyekuja na mashine yake ailete hapa mbele, na sarafu aiweke mfukoni.