Bakuli la Kangomba: Maigizo, Maadili na Furaha ya Wanafunzi Wetu

Ndugu walimu, wazazi na viongozi wa kata mliofika hapa Mtwara, habari za asubuhi.

Bakuli hili la plastiki nimeliweka mezani makusudi, na wengi wenu mnalijua. Ndicho kipimo cha kangomba, ule ununuzi wa korosho nje ya utaratibu. Mnunuzi anapita nyumba kwa nyumba kabla ya minada, anajaza korosho mpaka zifanye kichuguu, kisha analipa papo hapo kwa bei ya kutupa. Utaratibu unataka korosho ipitie chama cha msingi, iingie ghalani, iuzwe mnadani. Lakini bakuli bado linazunguka, kwa sababu njaa haingoji mnada.

Msimu uliopita nililipeleka kwenye shule moja ya sekondari wilayani Tandahimba. Kidato cha pili, wanafunzi kama arobaini, tukakaa chini ya mkorosho. Sikuwapa maneno ya kukariri, niliwapa hali tu: baba yuko hospitali ya Ligula anamuuguza bibi; mama yuko nyumbani na magunia mawili ya korosho; kitindamimba amerudishwa kutoka shule kwa kukosa sare; mnunuzi anabisha hodi.

Mvulana aliyeigiza kaka mkubwa akasimama mlangoni, kifua mbele. "Hatuuzi! Kangomba ni kosa." Wenzake wakapiga makofi. Lakini msichana aliyeigiza mama hakuinuka pale kwenye tofali. Alikuwa na ungo mtupu mapajani. Akauliza taratibu, "Sawa, mwanangu. Jioni tunapika nini?"

Makofi yakakatika. Yule kaka akawa anavuta-vuta pindo la shati lake, jibu hana. Kimya kile ndicho kilichonileta mbele yenu.

Mtoto anaweza kuandika insha ya uaminifu, akapata alama zote, na bado hajawahi kusimama mbele ya mama mwenye ungo mtupu. Kwenye igizo anasimama, na wenzake wanamwona. Mwili wake unajua kwamba kutenda haki kuna gharama, na kwamba mara nyingine anayelipa gharama hiyo ni mtu mwingine. Hili ubao haulifundishi.

Nasema hivi nikijua kwamba shule zetu zina maigizo tangu zamani. Tuna ngonjera: asiyejua anabishana na anayejua, mwisho asiyejua anakubali. Kila tarehe 16 Juni, Siku ya Mtoto wa Afrika, tunaonyeshwa mlevi, binti aliyekatishwa masomo na mwenyekiti wa kijiji anayefunga kwa nasaha. Naheshimu jasho la walimu wanaoandaa. Ila jibu limeshaandikwa kabla watoto hawajapanda jukwaani, na mtoto anajua mapema kipi kinatakiwa kusemwa. Hapo hafikiri, anatii.

Njia nyingine ipo, na si ngeni. Augusto Boal, mwanatamthilia wa Brazili aliyeishi 1931 hadi 2009, alisimulia jinsi alivyoipata akiwa Peru. Watazamaji walikuwa wanasimamisha mchezo na kuwaelekeza waigizaji wafanye nini. Mama mmoja hakuridhika: kila walichojaribu, alisema sicho alichokusudia. Mwisho Boal akamwomba apande mwenyewe. Akapanda, na tangu hapo mtazamaji akawa na haki ya kuchukua nafasi ya mhusika. Kwetu, mwaka 1996, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha Tuseme, akina Penina Mlama na Amandina Lihamba wakiongoza: wasichana wa sekondari wakayataja matatizo yao wenyewe, wakayachambua na kuyatolea michezo.

Na kabla ya wote hao, Wamakonde walikuwa na mapiko, ngoma ya vinyago vinavyovaliwa usoni. Mcheza lipiko huvaa sura ya mzee, ya askari, ya mgeni, na kijiji kizima hujiona katika sura ile. Wazee wetu walijua kuwa yapo mambo ambayo mtu huyaona vizuri akiwa amevaa uso usio wake.

Sasa furaha. Wapo wanaoniuliza furaha inaingiaje kwenye habari za kangomba. Aristotle, katika maandiko yake juu ya tamthilia, alisema kwamba tamthilia huiga matendo na maisha, na kwamba furaha na huzuni ya mtu vimo katika matendo. Nilikuwa nimeyasoma hayo miaka mingi; kuyaelewa, niliyaelewa siku ile chini ya mkorosho.

Tulirudia igizo mara nne. Mmoja aliuza bakuli moja tu, la chakula cha jioni. Mwingine alikwenda kwa jirani kukopa unga, akarudi na debe nusu na aibu yake. Tulipomaliza nikauliza: katika mchezo huu, nani alikuwa na furaha? Nilitegemea wamtaje mama. Aliyenyoosha mkono ni kijana aliyeigiza mnunuzi. Akasema, "Mwalimu, mimi nilikuwa na hela kuliko wote. Lakini mara zote nne hakuna aliyenikaribisha kukaa." Akakaa chini. Wenzake wakaanza kubishana kama raha na furaha ni kitu kimoja, na kengele ya chakula ilipolia hawakuondoka.

Mtaniambia kipindi ni dakika arobaini na mitihani iko mlangoni. Kweli. Igizo la namna hii huchukua dakika kumi, zinazobaki ni za kurudia na kubishana. Linaingia kwenye uraia, linaingia kwenye Kiswahili. Ninalosisitiza ni jambo moja tu: msichukue kisa halisi cha mtoto aliyepo mkakiweka hadharani. Tungeni nyumba isiyo ya mtu. Mtoto ambaye kwao kuna njaa atajiona humo bila kuonyeshwa kidole. Na mwalimu akishaanzisha, azuie ulimi wake. Kimya kikiingia, kiacheni kikae.

Maneno yangu yanatosha. Naomba watu wanne waje hapa mbele, na mmoja awe mzazi, si mwalimu. Mama, tafadhali, chukua tofali lile ukae. Mwenyekiti, wewe ndiye mnunuzi. Bakuli hili hapa. Piga hodi.