Kidonge Kusambaratika Si Dawa Kuyeyuka
Mhadhara kwa wafamasia na wanafunzi, Chake Chake, Pemba

Assalaam aleykum, walimu wangu na wanafunzi.

Mmeniuliza vipi tunajua kwamba kidonge kitafanya kazi kabla mgonjwa hajakimeza. Naanza na jambo ambalo hata sisi wa maabara hulipita haraka: kidonge huweza kusambaratika kikawa unga, na dawa iliyomo ikawa bado haijayeyuka.

Kipimo cha kusambaratika ni chepesi. Vidonge sita hutiwa katika mirija sita yenye wavu wa chuma chini, ikapandishwa na kuteremshwa mara 29 hadi 32 kwa dakika ndani ya maji ya nyuzi joto 37. Kidonge kisichopakwa kitu, kwa kanuni za Uingereza, hupewa dakika 15. Ila kinachopita wavuni ni chembe, na chembe haziingii kwenye damu.

Kipimo cha kuyeyuka ndicho chenye kazi. Kwa parasitamo, kanuni za Marekani hutaka mililita 900 za bafa (maji yasiyobadilika uchachu wake) yenye pH 5.8, yaani uchachu kidogo, kasia la kukorogea lizunguke mara 50 kwa dakika, na baada ya dakika 30 sampuli ichujwe na dawa iliyoyeyuka ipimwe kwa mwanga usioonekana kwa macho, wa nanomita 243. Kiwango cha msingi ni asilimia 80 ya dawa iwe imeyeyuka, lakini katika duru ya kwanza ya kipimo huongezwa tano juu yake: kila kimoja kati ya vidonge sita lazima kifike 85. Na mashine hii ni nyepesi kudanganywa: hewa isipotolewa kwenye bafa, mapovu hukigandia kidonge na kukinyanyua; na jenereta ikitetemesha meza, majibu hubadilika, wala hakuna atakayeshuku jenereta.

Msidhani ni ukali wa bure. Mwaka 1971 huko Marekani, mtafiti Lindenbaum na wenzake walionyesha kwamba digoksini, dawa ya moyo, ya dozi ileile, kutoka kwa watengenezaji mbalimbali, ilitoa viwango vya damu vilivyotofautiana hata mara saba.

Kwetu visiwani, khasa wakati wa masika, unyevu huingia katika kopo lililokwisha kufunguliwa, na viambato vya kukivunja kidonge huvimba kabla ya wakati wake, visiwe na nguvu tena tumboni. Kwa hiyo, kwa maoni yangu, sampuli zisichukuliwe kwenye maboksi yanayoshuka bandarini peke yake. Zichukuliwe pia rafuni, kwenye kopo lililokaa wazi.