Kitani na Kitambaa cha Siku Moja katika Vijiji vya Urusi

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Nimekuja kuzungumzia kitambaa kirefu cha kitani ambacho Warusi hukiita rushnik. Ncha zake hutariziwa kwa uzi mwekundu: ndege, farasi, mti, mwanamke aliyeinua mikono. Tangu mhakiki wa sanaa Vladimir Stasov alipochapisha kitabu chake cha mapambo ya Kirusi mwaka 1872, wataalamu wamebishana juu ya mwanamke huyo. Mwanaakiolojia Boris Rybakov alimwona kuwa mungu wa kike wa kale. Mimi ubishi huo siupi uzito mkubwa. Maana ya kitambaa hiki naiona katika kazi kilichofanya.

Tuanze na jasho lake. Kitani, mmea unaotoa nyuzi za nguo hii, kilipandwa karibu na mwisho wa Mei, kikaja kung'olewa na mizizi yake, kikalowekwa, kikapondwa, kikachanwa. Majira ya baridi wasichana walikusanyika jioni katika nyumba moja wakisokota uzi. Wavulana nao hawakukosa, na uchumba mwingi ulianzia hapo. Nguo ikishafumwa, ilitandazwa juu ya theluji ya Machi ili jua liing'arishe. Binti alianza kujaza sanduku lake la harusi tangu utotoni.

Maharusi walisimama juu ya kitambaa hicho kanisani. Nyumbani kilizungushwa kwenye ikoni, yaani picha takatifu, mgeni akapokewa nacho kikiwa na mkate na chumvi, na jeneza likateremshwa kaburini kwa kitani.

Lakini kinachonigusa kuliko vyote ni kitambaa cha siku moja. Maradhi yalipoua watu au ng'ombe, au mvua ilipogoma, wanawake wa kijiji walikutana, kila mmoja na kitani chake, wakasokota na kufuma bila kupumzika, mpaka kitambaa kizima kikamilika ndani ya siku hiyohiyo. Kisha kilipelekwa kanisani au kikafungwa kwenye msalaba wa njiani. Mtaalamu wa mila Dmitry Zelenin, aliyeandika juu ya desturi hiyo mwaka 1911, alieleza kwamba nguvu yake ilitokana na usafi: kitu kilichoanza na kuisha siku moja, uovu haukupata nafasi ya kukiingia.

Hapakuwa na muda wa kutarizi ndege wala farasi. Na bado, msiba ulipozidi, hicho ndicho kitambaa walichokitegemea.